Mashine ya kuhesabu watu mlangoni: ilivyotuonyesha duka letu la Moshi linahitaji nafasi ngapi za magari

Kwa mwenye duka anayefikiria kukodi kiwanja ili wateja wapate pa kupaki, hii mashine ndogo ya kuhesabu watu naipa alama saba kwa kumi. Mbili nimezikata kwa sababu ya jua la mchana, na moja kwa sababu haina saa ndani yake. Saba zilizobaki imezistahili kabisa. Bila hiyo tungeshasaini mkataba wa kiwanja ambacho kingekaa kitupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, huku kodi inakwenda.

Ninaendesha duka la vifaa vya ujenzi na kaka yangu, hapa Moshi mjini, upande wa kuelekea soko la Mbuyuni. Tunauza simenti, nondo, mabati, rangi, mabomba, koki, masinki na marumaru. Mbele ya duka pana nafasi sita za magari, na nyuma kuna kichochoro ambacho Kenta inapita kwa shida. Jirani yetu ana kiwanja cha wazi na alikuwa tayari kutukodisha. Kwa vipimo vya kawaida, gari moja linataka upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5, na ukiweka njia ya kuingilia na kugeuzia inafika mita za mraba 25 hadi 30 kwa kila gari. Kiwanja kile kingechukua magari 20. Juu ya kodi kulikuwa na kumwaga moramu, kuweka taa na kuongeza mlinzi.

Hoja ya kaka ilikuwa na uzito. Yeye ndiye anayetoa Z ripoti, yaani jumla ya mauzo ya siku, kwenye mashine ya risiti ya EFD kila jioni, na aliona mauzo yanapanda. Kila Jumamosi pia aliona magari yakizunguka mbele ya duka, mengine yanakata tamaa na kuondoka. Akaniambia, "Dada, mauzo yakipanda wateja wamepanda, na wateja wakipanda magari yamepanda. Tukichelewa, mwenye kiwanja atampa mwingine."

Nilichokataa mimi ni kupima magari kwa shilingi. Nondo ikipanda bei, mauzo yanapanda hata kama hajaongezeka mtu mmoja mlangoni. Mkandarasi anayejenga madarasa akipiga simu asubuhi, tukampakilia Kenta nzima ya simenti na mabati tukampelekea huko huko kwenye ujenzi, Z ripoti ya siku ile inaruka juu. Magari yaliyopaki kwa ajili ya mauzo hayo ni sifuri. Kinyume chake kipo pia: baba, mama, shangazi na watoto wanafika na Noah, wanakaa saa nzima wakilinganisha marumaru, wanapiga picha, wanaaga vizuri, wanakwenda kufikiria nyumbani. Risiti hakuna, lakini nafasi ya gari imetumika saa nzima. Hayo nilikuwa nayaona kwa macho. Nilitaka yahesabiwe.

Mashine yenyewe ni vifaa viwili vidogo vya plastiki, kila kimoja kinatosha kiganjani. Unakibandika kimoja kulia kwa mlango na cha pili kushoto, vikitazamana. Kimoja kinatoa mwale wa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), kingine kinaupokea, na mtu akipita akaukata mwale, namba kwenye kioo inaongezeka. Haina jina la kampuni. Niliinunua Arusha kwenye duka linalouza kamera za ulinzi, na bei yake haikufika mifuko ishirini ya simenti. Kuna za bei kubwa zaidi ambazo ni kamera ya kufunga juu ya mlango, inatazama vichwa kwa chini na kutofautisha anayeingia na anayetoka. Zinahesabu vizuri kuliko hii. Ila kamera inayochukua sura za watu inakuingiza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mimi sikutaka kuhifadhi sura ya mtu yeyote ili tu nijue nafasi za kupaki. Mwale haumjui mtu, na hilo nalipenda.

Sasa udhaifu wake, na hapa naomba anayetaka kununua asome taratibu.

Haijui anayeingia wala anayetoka. Inahesabu kukatwa kwa mwale tu, kwa hiyo namba ya jioni lazima uigawe kwa mbili. Wawili wakipita bega kwa bega inawaona mmoja. Mtu akipita na fimbo mbili za bomba begani anaweza kuhesabiwa mara mbili au tatu. Vijana wetu wa kubeba mizigo ndio walioiharibia kazi kabisa mwanzoni, maana wanatoka na kuingia kutwa. Tuliwaelekeza wote wapite mlango wa stoo, na mlango wa mbele ukabaki wa wateja. Kama duka lako lina mlango mmoja tu na wafanyakazi wengi, kwa kweli usiinunue.

Jua ndilo lililonisumbua zaidi. Mlango wetu unatazama magharibi. Kuanzia saa tisa na nusu mchana jua lilikuwa linaingia moja kwa moja kwenye kile kipokeaji na mashine inaacha kuhesabu, kwa sababu jua lenyewe lina infraredi nyingi na linaumeza ule mwale mdogo. Tulibadilisha pande ili kipokeaji kitazame kivulini, kisha fundi mmoja mteja wetu akakikatia kipande cha bomba la PVC la inchi moja kiwe kama kofia. Tangu hapo kimetulia. Muuzaji hakunieleza lolote kuhusu jua, na angepaswa kunieleza, kwa sababu milango ya maduka huku imeachwa wazi kutwa nzima.

Kuhusu urefu wa kuifunga, weka usawa wa kiuno au juu yake kidogo. Ukiiweka chini, miguu inakata mwale mara mbili kwa mtu mmoja. Ukiiweka juu sana, watoto wanapita chini yake, na kwangu hilo halikuwa tatizo kwani mtoto haendeshi gari.

Na haina saa. Inakupa jumla tu, mpaka uibonyeze irudi sifuri. Kwa suala la magari, jumla ya siku haina msaada mkubwa. Watu 200 wakigawanyika sawasawa kutwa nzima hawajazi chochote. Watu haohao wakija saa tano hadi saa saba mchana, barabara inafunga. Kwa hiyo binti anayekaa kwenye malipo alikuwa anaandika namba kila saa kwenye daftari, na pembeni yake anaandika namba ya risiti ya mwisho ya EFD. Kazi ya nusu dakika. Kama ungekuwa mtambo wenye saa na kumbukumbu, hiyo kazi isingekuwepo, na ndiyo maana alama moja imeondoka.

Kabla ya kuiamini niliketi mlangoni saa moja nikahesabu kwa mkono wakati wa msongamano. Mimi niliona 43, yenyewe ikasoma 38 baada ya kugawa kwa mbili. Inapunguza kidogo kwa sababu ya wanaopita wawili wawili. Kwa kazi yetu inatosha, mradi ujue inakosea kuelekea upande gani.

Matokeo yalipoanza kukaa vizuri kwenye daftari, picha iliyotoka ilimshangaza kaka kuliko mimi. Jumanne ya kawaida mlangoni wanaingia kama watu 150, na risiti zinafika 85 hivi. Jumamosi wanaingia kama 260, na risiti ni 90. Watu wameongezeka kwa karibu robo tatu, risiti zimeongezeka tano. Na ukija kwenye fedha, Jumanne inaishinda Jumamosi mara nyingi, kwa sababu Jumanne mafundi wako kazini. Fundi anaingia na orodha kwenye karatasi ya boksi la misumari, anasalimia, "Shikamoo mama, nipe hizi haraka, wenzangu wananisubiri juu Kibosho." Amekuja kwa bodaboda. Analipa, anapakia au anaacha mzigo uletwe na kirikuu, ameondoka. Huyo ndiye anayelisha duka letu, na hahitaji nafasi hata moja ya gari.

Ndiyo sababu nasema mauzo na wingi wa watu wanaoingia ni hesabu mbili, na maegesho yanafuata ile ya pili. Siku yetu ya fedha ina nafasi za magari zilizo wazi. Siku yetu ya magari haina fedha nyingi kiasi hicho. Ukichukua mauzo ya mwezi ukayagawa upate idadi ya magari, unajenga maegesho ya watu wanaokuja kwa pikipiki.

Lakini hata namba ya mlangoni peke yake haisemi magari mangapi. Familia ya watu watano ni namba tano kwenye mashine na gari moja nje. Kundi la akina mama kutoka Mbuyuni waliokuja kwa miguu kununua balbu na kufuli ni namba tatu na gari hakuna. Hapo ikabidi tumwombe mlinzi wetu wa mchana, mzee tunayemwita Meku, aandike kila gari lilipoingia na lilipotoka. Alipenda kazi ile. Aliandika mpaka aina ya gari, ingawa hatukumwomba: IST, Rav4, Noah, kirikuu. Daftari lake ndilo lililonifundisha zaidi ya mashine, na ninasema hivyo bila kuishusha mashine, kwa sababu ni mashine iliyotuonyesha tumwombe aandike siku gani na saa zipi.

Kutoka kwenye daftari la Meku, Jumamosi kati ya saa tano na saa sita mchana yanaingia magari kama 12, na kila moja linakaa wastani wa dakika 35. Kuna kanuni iliyothibitishwa mwaka 1961 na John Little, Mmarekani aliyekuja kuwa profesa wa chuo cha MIT, inayotumika kwenye foleni za kila aina: idadi ya vitu vilivyomo ndani kwa wakati mmoja ni kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja kinakaa. Magari 12 kwa saa, mara dakika 35, gawanya kwa 60, unapata 7. Magari saba kwa wakati mmoja, na sisi tuna nafasi sita. Tunapungukiwa na moja. Siyo ishirini za ziada ambazo kiwanja kingetupa.

Sasa angalia zile sita zenyewe. Meku aliandika pia magari yaliyokuwepo tangu asubuhi hadi jioni. Moja ni la kaka. Jingine ni pikapu yetu ya kupeleka mizigo, inayolala pale ikisubiri oda. Yaani kwa wateja zilibaki nne. Kaka alilisoma lile daftari kimya, kisha akasema, "Hilo langu naliondoa kuanzia kesho." Amelihamishia nyuma, na pikapu iko nyuma pia, mdomo wa kichochoro, ambako ndiko mizigo inakotokea.

Kilichobaki kilikuwa zile dakika 35. Tuliangalia nani anakaa muda mrefu bila sababu ya kununua zaidi, tukaona ni wanaosubiri rangi ichanganywe. Mtu anachagua rangi kwenye kadi, anasubiri mashine ya kuchanganya, mbele yake wapo wengine wawili, na gari liko nje. Sasa mteja anaweza kututumia namba ya rangi kwa WhatsApp akiwa bado nyumbani Soweto au Shanty Town, akifika ndoo iko tayari. Wa kirikuu nao walikuwa wanapakilia mbele, sasa wanapakilia nyuma. Wastani umeshuka, uko karibu dakika 25. Rudia hesabu: 12 mara 25 gawanya kwa 60, ni magari matano. Nafasi sita, magari matano. Donald Shoup, profesa wa UCLA aliyefariki 2025 baada ya kutumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza maegesho, alikuwa akipendekeza maegesho ya barabarani yajae karibu asilimia 85, ili anayekuja akute pa kuingia na ardhi isikae bure. Tano kwa sita ni asilimia 83. Mimi hapo niliridhika.

Nafasi tuliyoiongeza kweli ni ya pikipiki. Tumechora mstari kando ya mlango, bodaboda kama nane zinasimama vizuri bila kuziba njia ya watu wanaoingia kwa miguu. Awali zilikuwa zinasimama katikati ya nafasi za magari kwa sababu hazikuwa na pake, na kila bodaboda mbili zilikuwa zinakula nafasi ya gari moja. Kwa duka lenye mafundi wengi kama letu, naona hili lilipaswa kuwa la kwanza kabla ya mazungumzo yoyote ya kiwanja.

Kuna mtu anayejua mambo haya aliyetushauri tutumie kanuni ya ukubwa wa duka: nafasi kadhaa kwa kila mita za mraba kadhaa. Kanuni hizo zimetoka mbali. Kwenye miji mingi ya Marekani sheria za ujenzi zimezoea kudai nafasi 4 au 5 kwa kila futi za mraba 1,000 za duka, yaani takriban mita za mraba 93, kwa sababu kule karibu kila mteja anafika na gari lake. Kwa ukubwa wa duka letu kanuni hiyo ingetudai nafasi nyingi zaidi ya hata kile kiwanja. Haioni daladala za Uru na Old Moshi, haioni bodaboda, haioni mtu aliyeshuka stendi akaja kwa miguu. Sikatai kuwa inafaa kule ilikotungwa. Hapa ni heri kuhesabu mlango wako mwenyewe.

Imebaki Desemba. Anayeishi Kilimanjaro anajua: kuanzia katikati ya mwezi magari ya kutoka Dar es Salaam yanaanza kupandisha, watu wanarudi nyumbani kula Krismasi, na wengi wanataka nyumba ya wazazi ipakwe rangi, choo kirekebishwe, bati lililovuja libadilishwe kabla wageni hawajafika. Wiki hizo mbili duka linajaa na kila familia ina gari. Kaka alishika hapo, na alikuwa na haki. "Desemba je, dada?"

Hata wapangaji wa maegesho ya maduka makubwa hawajengi kwa ajili ya saa yenye watu wengi kuliko zote za mwaka. Taasisi ya Urban Land Institute ya Marekani ilipendekeza kutumia saa iliyo ya 20 ukizipanga saa zote za mwaka kwa wingi wa magari, ikikubali kwamba saa 19 za mwaka zitabanana. Ukijenga kwa saa ya kwanza, saa zote zilizobaki unalipia vumbi. Sisi tulimrudia mwenye kiwanja tukamweleza wazi kuwa tunakihitaji kwa mwezi wa kumi na mbili peke yake. Hakufurahi mara moja. Baada ya kukaa naye kwa chai alikubali, kwa kodi ya mwezi mmoja, bila moramu wala ukuta, na sisi tunalipia mlinzi wa muda. Akipata mpangaji wa mwaka mzima anatuambia mapema, na hilo ni haki yake.

Nani anunue mashine hii? Mwenye duka la nguo, viatu, simu au vyombo, lenye mlango mmoja wa wateja na mwingine wa wafanyakazi, anayejiuliza kwa nini watu wanajaa na fedha haionekani. Huyo ataona tofauti kati ya walioingia na waliopewa risiti ndani ya wiki chache. Mwenye duka la dawa au la nafaka, ambako karibu kila anayeingia ananunua, EFD yake inamtosha. Namba za risiti kwa kila saa ndiyo hesabu ya watu. Na yeyote anayeinunua kwa ajili ya maegesho, aongeze daftari la mlinzi, na apime katika msimu zaidi ya mmoja. Sisi tulipima kiangazi. Masika yakinyesha ujenzi unasimama na mafundi wanapungua, namba zake ni nyingine kabisa.

Ukienda dukani, muulize muuzaji mambo matatu kabla ya kulipa: kama kuna ya aina hiyo yenye kumbukumbu ya kila saa, kama kipokeaji kinastahimili jua, na kama betri zake ni za kawaida zinazopatikana popote. Zetu ni za kawaida, nazinunua kwa mangi wa jirani. Hiyo ya kumbukumbu ya kila saa, hata ikizidi bei kidogo, chukua.